Kabla Hujampeleka Soba, Uliza Atatokaje

Kikao cha familia kinachoamua kumpeleka kijana soba, nyumba ya kumsaidia kuacha dawa za kulevya au pombe, hakikaliwi mchana. Hukaliwa usiku, mwenyewe akiwa hayupo, na aghalabu siku hiyo kuna kitu kimetoweka nyumbani: mtungi wa gesi, simu ya mama, mabati yaliyokuwa yakimsubiri fundi. Mjomba anasema amechoka na kesi za polisi. Mama anasema liwalo na liwe, mradi mwanawe asife barabarani. Mtu mmoja anakumbuka nyumba fulani nje ya mji, ina ukuta mrefu na geti la chuma, huko hatoroki mtu. Hapohapo uamuzi unapita, na asubuhi gari linakodiwa.

Makala haya nayaandika kwa ajili ya kikao hicho. Siwalaumu waliokikaa, familia inayofika hapo imeshapitia mambo ambayo hata jirani hayajui. Ila nimefuatilia habari za uraibu wa heroini na pombe katika pwani yetu kwa muda wa kutosha kuona kwamba nyumba hizi tunazichagua kwa kutazama namna mtu anavyoingia: urefu wa ukuta, ukali wa msimamizi, umbali kutoka mjini. Hatari kubwa kuliko zote inamngoja kijana siku anayotoka, na nyumba inayofaa hujulikana kwa namna inavyomtoa mtu.

Sababu iko mwilini. Anayetumia heroini kila siku huuzoesha mwili wake kiasi ambacho kingemuua mtu mwingine. Akikaa wiki kadhaa bila kutumia, mazoea yale hupotea, na mwili hurudi kuwa karibu na wa mtu asiyewahi kugusa unga. Kumbukumbu ya kiasi alichozoea haipotei. Siku akiteleza hununua kete zilezile, huzitumia vilevile, na pumzi hukata. Mwaka 2007 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliowafuatilia watu zaidi ya 30,000 walioachiwa kutoka magereza ya jimbo la Washington, Marekani. Katika wiki mbili za mwanzo uraiani, hatari yao ya kufa kwa kuzidisha dawa ilikuwa mara 129 ya ile ya wakazi wengine wa jimbo hilo. Soba si gereza, au haitakiwi kuwa gereza, lakini mwili hautofautishi. Kijana aliyekaa safi miezi mitano nyuma ya ukuta anarudi mtaani akiwa katika hatari ya namna hiyohiyo.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza ada, na kabla ya kuuliza wanakula nini, muulize msimamizi: mtu wenu anapotoka mnafanya nini? Mnamweleza waziwazi kwamba kete aliyokuwa akiivuta zamani sasa inaweza kumuua? Mnawaeleza wazazi wake? Nani anampigia simu wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu? Akianguka, mnampokea tena, na kwa masharti gani? Msimamizi anayeijua kazi yake atakaa chini, kwa sababu majibu haya hayaishi kwa dakika mbili. Anayekujibu kwamba wakitoka hapa wanakuwa wamepona, mshukuru kwa muda wake uondoke.

Inafaa kujua nyumba hizi zilikotoka, maana chimbuko lake linaeleza uzuri wake na udhaifu wake. Heroini ilianza kuenea katika miji ya pwani, Mombasa, Malindi, Unguja na Dar es Salaam, katika miaka ya 1980, na kwa muda mrefu mwenye uraibu hakuwa na pa kwenda isipokuwa wodi ya magonjwa ya akili au mahabusu. Malindi, mwaka 1995, ulianza mradi wa Omari, mmoja wa miradi ya mwanzo ya kuwahudumia watumiaji wa heroini katika pwani ya Kenya. Zanzibar ilipata soba yake ya kwanza mwaka 2009, iliyosukumwa na vijana ambao wenyewe walikuwa wametoka katika unga, wakisaidiwa na wenzao wa mji wa Detroit, Marekani. Kutoka hapo nyumba za namna hiyo zimeenea visiwani na Bara.

Nyingi zinafuata hatua kumi na mbili, utaratibu ulioanza na walevi wa pombe huko Akron, Ohio, mwaka 1935, ukachukuliwa na watumiaji wa dawa za kulevya California mwaka 1953. Siku ndani ya soba ina ratiba: kuamka alfajiri, ibada, usafi wa nyumba, mkutano wa asubuhi, kazi za zamu jikoni, somo, mkutano wa jioni ambapo kila mmoja anajitambulisha na kusema yaliyomo moyoni. Kwa kawaida mtu hukaa miezi mitatu hadi sita. Nguvu ya mahali hapa ni kwamba anayekupokea ameshawahi kuwa na arosto, yale mateso ya mwili uliokosa dawa, ameshalala maskani ya watumiaji, ameshamwibia mama yake. Kijana hawezi kumdanganya. Daktari mwenye shahada tatu hana kitu hicho.

Lakini kupitia unga peke yake hakumfanyi mtu kuwa mtaalamu. Uliza msimamizi amekaa safi kwa muda gani, na alijifunza ushauri nasaha wapi. Mtu mwenye miezi minane ya usafi anahitaji msaada mwenyewe; kumkabidhi wagonjwa kumi na tano ni kumtwisha mzigo utakaomrudisha alikotoka, na akirudi yeye, nyumba nzima inarudi naye. Uliza pia nani anaiongoza nyumba msimamizi akiugua au akisafiri. Ukiambiwa kwamba kila kitu ni yeye, fedha ni yeye, funguo ni yeye, adhabu ni yeye, fikiri mara mbili.

Wiki ya mwanzo ndipo familia nyingi hukosea bila kujua, hasa kuhusu pombe. Arosto ya heroini huanza saa 6 hadi 12 baada ya kete ya mwisho, hupanda hadi siku ya pili au ya tatu, kisha hushuka ndani ya wiki moja au zaidi kidogo. Ni mateso makubwa: kutapika, kuhara, mifupa kuuma, usingizi kutoroka. Mtu mzima mwenye afya akipata maji, chumvichumvi na uangalizi, mara nyingi huvuka. Pombe ni jambo jingine kabisa. Aliyekunywa gongo au konyagi kila siku kwa miaka, akikatishwa ghafla, anaweza kupata degedege, na kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuanza kuweweseka, kuona vitu visivyokuwepo, mapigo ya moyo yakaenda mbio, akafa. Anayemeza vidonge vya usingizi kama Valium kwa muda mrefu naye yuko katika hatari ya degedege. Watu hawa wanapita hospitali kwanza, soba baadaye. Nyumba inayosema italimaliza jambo hilo kwa maji ya baridi na dua haijui inachokigusa. Nasema hivi nikiiheshimu dua. Ina nafasi yake kubwa katika safari hii, na wengi wamesimama kwa sababu ya imani. Degedege linataka dawa.

Na mwambieni msimamizi kila kitu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kama kijana anatumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, kama yumo katika dozi ya kifua kikuu, kama aliwahi kulazwa kwa ugonjwa wa akili, semeni, kisha ulizeni dawa zake zitatunzwa wapi na nani atahakikisha anazimeza. Zipo nyumba zinazodai kwamba usafi maana yake ni kutomeza chochote, hata dawa ya daktari. Hapo mtu huacha unga mwezi wa kwanza na kulazwa wodini mwezi wa tatu. Vyumba vilivyojaa vitanda na visivyo na madirisha navyo vitazame kwa jicho la kifua kikuu, maana kikohozi cha mmoja ni cha wote.

Kuna mvutano kuhusu methadoni, dawa ya kunywa anayopewa mwenye uraibu badala ya heroini. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuitoa Februari 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha mikoa mingine. Zanzibar huduma ilianza Kidongo Chekundu mwaka 2015, na mwaka huohuo Malindi nayo ikapata kliniki. Dawa hii hutolewa bure katika vituo vya serikali. Mtu anakwenda kila asubuhi, anakunywa dozi yake mbele ya muuguzi, arosto haimpati, anakwenda kutafuta riziki. Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha ya dawa muhimu tangu mwaka 2005. Hata hivyo baadhi ya soba haziwapokei wanaoitumia, zikisema wamebadilisha kileo tu.

Msimamo wangu ni kwamba wanaosema hivyo wamekosea. Mtu anayekunywa dozi yake, anayelala nyumbani, anayelea watoto wake, hafanani na yule anayeamka kutafuta kete. Kumwachisha methadoni kwa nguvu ili apate kitanda soba ni kumrudisha kwenye ile hatari niliyoieleza mwanzo, mwili usio na mazoea na kumbukumbu iliyo hai. Kama ndugu yako yumo katika methadoni na anaendelea vizuri, huenda hahitaji soba ya kuta nne. Anahitaji pa kulala penye utulivu, karibu na kliniki, mbali na kijiwe chake. Ikiwa mnatafuta nyumba, tafuteni inayomruhusu kwenda kunywa dozi asubuhi na kurudi. Umbali ambao wazazi wanaupenda, kule shambani mwisho wa lami, unaweza kuwa ndio unaomnyima tiba.

Sasa minyororo. Septemba 2019 polisi wa Nigeria waliingia katika nyumba moja ya Kaduna iliyojitangaza kuwa shule ya dini na mahali pa kurekebisha tabia. Walikuta mamia ya wanaume na wavulana, wengine wamefungwa minyororo miguuni, wengine na makovu ya viboko. Wengi walipelekwa pale na wazazi wao, kwa nia njema, na kwa ada. Miaka saba kabla ya hapo, Machi 2012, mashirika 12 ya Umoja wa Mataifa yalikuwa yametoa tamko la pamoja kuzitaka serikali zifunge vituo vinavyowashikilia watumiaji wa dawa za kulevya kwa nguvu, yakieleza kwamba vinavunja haki za watu. Najua kwetu fimbo bado inaitwa malezi, na mzazi aliyeibiwa mara kumi anaweza kuona kwamba mwanawe anastahili. Lakini kijana anayepigwa ndani anajifunza jambo moja tu, kunyamaza mpaka siku ya kutoka. Atasema amebadilika. Atazishika hatua zote kwa kichwa. Na jioni ya siku aliyotoka atakuwa maskani.

Njia ya kulijua hili si kumuuliza msimamizi, atakana. Omba kuiona nyumba bila kutoa taarifa ya siku mbili kabla. Tazama kama milango ya vyumba ina komeo kwa nje. Omba kuzungumza na mkazi mmoja pembeni, akiwa peke yake, na uangalie kama anamtazama mtu mwingine kabla ya kujibu. Uliza mtu akisema leo anataka kuondoka, nini kinafuata. Nyumba njema itakuambia kwamba watakaa naye, watamsihi, watawaita ndugu, watamwomba asubiri mpaka kesho; akisisitiza, wataandika, watawapigia simu na kumkabidhi mkononi mwa mtu, si kumtupa getini usiku. Kuzuia simu na ziara wiki za mwanzo ni utaratibu wa kawaida na una maana yake. Kuwazuia wazazi kumwona mtoto wao miezi mitatu hakuna maana yoyote njema.

Familia za mabinti zina kazi ngumu zaidi, maana nyumba nyingi ni za wanaume na zimepangwa kwa mahitaji ya wanaume. Binti hafai kuwekwa chumba cha nyuma katika soba ya wavulana kwa ahadi kwamba mke wa msimamizi yupo. Atafutiwe nyumba inayosimamiwa na wanawake, inayojua kwamba wengi wao wametoka katika ukatili na katika kuuza miili ili wapate kete, na inayokubali mama aje na mtoto wake anayenyonya au imtafutie mtoto pa kukaa. Kama ni mjamzito na anatumia heroini, asikatishwe ghafla soba. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2014 unataka aanzishiwe methadoni au dawa ya aina hiyo chini ya uangalizi wa kliniki, kwa usalama wake na wa mtoto. Hili nalitaja kwa mkazo kwa sababu aibu ya familia huwa mara mbili hapo, na aibu hukimbilia mahali pa kuficha.

Fedha. Dai risiti, dai karatasi inayosema ada inahusu nini, nani analipa akiugua usiku, na nini kinarudishwa akiondoka kabla ya muda. Uliza kama wakazi wanatolewa kwenda kufanya kazi nje, na ujira wao unakwenda wapi. Kupika na kufagia nyumba wanayoishi ni sehemu ya tiba, kubeba tofali za mtu mwingine bila malipo si tiba. Lakini kosa la fedha ninalolihofia zaidi liko upande wetu. Familia huuza kiwanja, hulipa miezi sita katika nyumba ya gharama kubwa, na mwezi wa saba haina hata nauli ya kumpeleka kijana kwenye mkutano. Chagueni nyumba ya bei ya kati, mkaweke akiba ya mwezi wa saba, wa nane na wa tisa: kodi ya chumba mahali papya, zana za ufundi, bima, nauli ya kliniki.

Mwezi huo wa saba ndipo lilipo pengo letu. Soba zetu nyingi ni mahali pa tiba; zikimaliza kazi yake, kijana anarudi katika chumba kilekile, mtaa uleule, na pusha yuleyule anayemwita kwa jina. Marekani kuna nyumba za Oxford House, zilizoanza Silver Spring, Maryland, mwaka 1975, pale nyumba ya serikali ya wanaume walioacha pombe ilipofungwa kwa kukosa fedha na wakazi wakaamua kuikodi wenyewe. Hazina msimamizi wala mshauri. Wakazi huchagua viongozi wao, hugawana kodi na bili sawasawa, humpokea mgeni kwa kura ya asilimia 80, humtoa anayerudia matumizi, na hakuna ukomo wa kukaa. Kila mtu anafanya kazi. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha DePaul, Chicago, walitoa matokeo ya watu 150 waliotoka katika tiba, nusu wakapangiwa kwa bahati nasibu kuishi katika nyumba hizo na nusu huduma za kawaida. Baada ya miaka miwili, kiasi cha asilimia 31 ya kundi la kwanza walikuwa wamerudia matumizi. La pili asilimia 65. Kipato cha kundi la kwanza kilikuwa mara mbili na zaidi.

Sheria ya kumtoa anayeteleza inanipa shida, kwa sababu mtu huyo anatolewa katika saa yake ya hatari kubwa. Mengine yote tunayaweza. Vijana wanne waliomaliza soba pamoja, nyumba ya vyumba viwili Mbagala, Kisauni au Mwanakwerekwe, kodi ya kugawana, mkutano mara mbili kwa wiki, mzazi mmoja wa kutazama. Hakuna haja ya ufadhili kutoka nje. Kama soba unayoichunguza ina mpango wa namna hii kwa wanaomaliza, hata kama haujakamilika, iweke juu ya orodha yako.

Kuhusu uhalali wa nyumba, Tanzania Bara iulizeni Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, ambayo simu yake ya bure ni 119. Zanzibar ina mamlaka yake. Kenya ni NACADA, simu 1192. Kibali pekee hakitoshi kuichagua nyumba. Kukosekana kwake kunatosha kuiacha.

Wiki moja kabla ya kijana kutoka, kikao kile cha usiku kikae tena, safari hii mchana, naye akiwepo. Mkubaliane atalala wapi, nani atashika fedha zake mwanzoni na kwa muda gani, siku gani anakwenda mkutanoni, nani atampigia simu kila jioni. Mkubaliane pia yale ambayo hakuna anayetaka kuyataja: akiteleza, asijifungie chumbani au chooni peke yake, na asiogope kusema. Akikutwa hazinduki, midomo imegeuka rangi, anakoroma kwa shida au pumzi zinachelewa, alazwe ubavu, akimbizwe hospitali, na mhudumu aambiwe ukweli kwamba ni heroini, kwa sababu ipo dawa, naloksoni, inayoweza kumrudisha ikiwahi. Akizinduka, mpigieni msimamizi wa soba kabla hakujapambazuka.